Mama Pindo na Boksi Lisilo na Gundi

Mama Pindo alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa: hakuweza kumtazama mtu usoni kabla hajautazama upindo wa nguo yake. Hata ungeingia kwake na habari za msiba, angekupa pole kwa moyo wote huku macho yake yako chini, kwenye suruali yako, yanahesabu mishono. Ndiyo maana mtaa mzima ulimwita hivyo, na jina lake la kuzaliwa likabaki kwenye kitambulisho tu.

Miaka thelathini na minne alikaa nyuma ya cherehani. Alishona sare za shule, mashati ya makarani, magauni ya maharusi, na makoti mawili matatu ya watu wenye majivuno. Kila nguo iliyopita mkononi mwake ilitoka na alama. Ndani ya upindo, mahali ambapo huwezi kupaona mpaka uigeuze nguo, alitia mishono mitatu mifupi ya uzi mweupe, mmoja nyuma ya mwingine. Mteja mdadisi akiuliza, alijibiwa, "Hiyo ni yangu. Wewe vaa tu."

Kisha mkono wa kulia ukaanza kutetemeka. Mwanzoni ulitetemeka asubuhi tu, akasingizia baridi. Baadaye akasingizia chai. Mwaka jana alimshonea binti yake gauni la samawati la kuvaa kazini, na mshono wa bega ukaenda upogo. Binti alilivaa, akashukuru. Lakini Mama Pindo aliona. Mtu aliyekagua mapindo ya walimwengu maisha yake yote angeshindwaje kuuona mshono wake mwenyewe ukiyumba? Siku hiyo hiyo aliifunika cherehani kwa shuka, na tangu hapo hakuifunua.

Binti yake huyo alikuwa muuguzi katika mji mwingine, mtoto wa pekee, mwenye huruma nyingi na maneno machache. Kila wiki alipiga simu na wimbo wake ulikuwa ule ule. "Mama, umefanya kazi ya kutosha. Njoo ukae na mimi, upumzike."

Kukaa, Mama Pindo alikujua vizuri. Alikuwa amekaa miaka thelathini na minne. Ila alikuwa amekaa na kitu mkononi, na hilo la kukaa mikono mitupu lilimtisha kuliko alivyowahi kumwambia mtu yeyote.

Ili asibaki nyumbani akitazamana na shuka la cherehani, alikuwa akienda kushinda kwa mpwa wake, mtoto wa kaka yake, aliyekuwa na chumba cha kuchapia kadi na mabango ghorofani, juu ya duka la viatu. Kazi yake pale ilikuwa kuwapa wateja kiti na kuwaambia, "Anakuja sasa hivi." Ilikuwa kazi ya adabu tu. Alijua hivyo, na mpwa wake alijua kwamba anajua.

Jumatatu moja asubuhi akaingia mfinyanzi. Alikuwa mtu mfupi, udongo umemkaukia kwenye nyusi, na upindo wa suruali yake, mguu wa kushoto, ulikuwa umefumuka. Aliweka kikombe juu ya meza. Kilikuwa chembamba, cha kijani kibichi, na kishikio chake kilikuwa kikubwa, kimejitokeza nje pasipo haya.

"Vikombe vyangu vinafika vimevunjika," alisema. "Si kikombe chenyewe. Kishikio. Duka linaloviuza limerudisha mzigo mara mbili. Wameniambia niwaletee tena Jumamosi, na hiyo ndiyo mara ya mwisho. Nataka boksi la kikombe kimoja, likatwe kwenye karatasi moja ngumu, likunjwe lisimame bila gundi. Napakia peke yangu, mikono ina udongo. Gundi na udongo ni maadui."

Mpwa alishika kichwa. Alikuwa na mabango ya shule tatu, na yote yalitakiwa wiki ile. "Kaka, wiki ijayo ningekufanyia kwa moyo mmoja. Wiki hii sina hata dakika ya kumeza mate."

Mfinyanzi alianza kukifunga kikombe kwenye gazeti, taratibu, bila kulalamika. Ule utaratibu wake ndio uliomchoma Mama Pindo. Akanyoosha mkono, akakichukua kikombe, akakizungushia vidole namna alivyozoea kuwapima watu kabla ya kutafuta futi.

"Kifua sentimita nane," alisema. "Urefu tisa. Na mkono mmoja tu, maskini. Hiki nitakishonea mimi."

Macho ya wale wawili yakashuka kwenye mkono wake. Kikombe kilikuwa kikitetemeka ndani yake. Mfinyanzi akakipokea kwa adabu, kwa mikono miwili, kama mtu anayepewa mtoto mchanga ampakate. Lakini Mama Pindo alikuwa ameshatamka, na neno lake lilikuwa halirudi nyuma.

Jioni binti yake akapiga simu. Ijumaa alikuwa na mapumziko, angekuja na gari la kazini kumchukua yeye na vitu vyake.

"Njoo," alisema Mama Pindo. "Lakini kuna kazi nimeishika. Kazi hiyo ikisimama, nabaki hapa. Isiposimama, nafunga virago mwenyewe, napanda gari, na hutanisikia nikinung'unika."

"Kazi gani, mama?"

"Boksi."

Binti alimjua mama yake. Alijua kwamba akisema atapanda gari, atapanda.

*

Jumanne mpwa alimkalisha kwenye kompyuta ya zamani, ile ya dirishani, akamfungulia programu ya kuchorea.

"Shangazi, sikiliza. Hii haichori kama kalamu. Yenyewe inataka nukta tu. Unabofya hapa, unabofya pale, halafu inavuta mstari kati yake. Tena ukitaka, huhitaji hata kulenga. Unaandika urefu kwa tarakimu."

Mama Pindo alikishika kipanya. Mkono ukafanya ujeuri wake, mshale ukaenda kuzurura pembeni ya kioo. Akabofya, nukta ikaangukia pasipofaa. Akakaza meno. Mpwa akainama, akawasha kitu fulani, na kioo kikajaa miraba midogo.

"Bofya tena. Sasa nukta itakwenda yenyewe kwenye kona iliyo karibu. Ukitetemeka, haisikii."

Akabofya mara mbili. Akaandika milimita themanini. Mstari ukatokea.

Mama Pindo alisogeza uso mpaka pua ikakaribia kukigusa kioo. "Kuza," alisema. Mpwa akakuza. "Kuza tena." Akakuza mara kumi, mara mia, mpaka ule mstari ukapita kioo kizima kutoka upande hadi upande. Haukuwa na kona wala mtikisiko. Ulikuwa umenyooka.

"Na mkono wangu uko wapi humu?" aliuliza.

"Mkono wako ulichagua pa kuanzia na pa kuishia. Kunyoosha ni kazi ya mashine."

Mama Pindo akakohoa. Hakuwa na kikohozi chochote. Furaha ilikuwa imempanda ghafla, naye hakutaka mtoto wa kaka yake aione.

Baada ya hapo hakushikika. Maswali yalimtoka mfululizo. Na nikikosea? Unarudisha nyuma. Mara ngapi? Hata mara mia, shangazi. Basi akaanza kukosea makusudi, kisha anarudisha, anakosea tena, anarudisha tena, akicheka peke yake. "Miaka thelathini na minne nafumua kwa wembe!" aliwaambia wateja waliokuwa wakisubiri mabango, na wateja hawakujua wacheke au wampe pole.

Alifundishwa kwamba mstari mwekundu mzima ni wa kukata, na mstari wa buluu uliokatika katika ni wa kukunja. Hapo alipinga. "Kwetu vistari vya kukatika ni mahali pa kushona."

"Huku ni pa kukunja."

"Haya. Mgeni hapangi fanicha," alisema, akaandika kwenye kiganja asisahau.

Jioni ile alipofika nyumbani akaanza kufumua maboksi. Alianza na la dawa ya meno, akahamia la balbu, la majani ya chai, la viberiti, la vidonge vya kichwa. Kila moja alilitandaza sakafuni bapa, akapiga magoti juu yake, akalisoma kama nguo ya fundi mwingine ambaye yeye alitaka kumwibia ujuzi. Aligundua kwamba boksi ni karatasi moja tu yenye akili: kuta nne zimepangana mstari mmoja, vifuniko juu na chini, na kijisikio kinachopenya kwenye mkato na kujifunga. Alikifungua na kukifunga kijisikio cha lile boksi la balbu mara ishirini, akitaka kujua kwa nini hakichomoki. Nyumbani hakukubaki kitu ndani ya boksi lake. Dawa ya meno ililala uchi juu ya meza.

Jumatano asubuhi, mpwa alipomwonya kwamba karatasi ngumu ina unene, na kila kona inayokunjwa inakula milimita moja na nusu, Mama Pindo alimkatiza kwa dharau ya kifundi. "Unanifundisha koti? Kitambaa kizito kinakula kona. Nimeshaongeza." Na kweli alikuwa ameongeza. Mpwa aliangalia vipimo, akatikisa kichwa kwa mshangao, akapeleka mchoro kwenye mashine ya kukatia.

Mashine ile ilikuwa na kisu kidogo kuliko ukucha. Kilikwenda juu ya karatasi kikinong'ona, kikafuata kila mstari mwekundu, na kwenye ile ya buluu kikakandamiza tu bila kutoboa. Mama Pindo alisimama juu yake roho mkononi. Kisha akakunja kwa mgongo wa kijiko, ukuta baada ya ukuta, akapenyeza vijisikio. Boksi likasimama mezani, bila gundi, bila uzi. Alilizunguka mara mbili. Mpwa akapiga makofi, na hata mteja mmoja aliyesubiri bango akapiga makofi bila kujua ni ya nini.

Alasiri mfinyanzi alikuja na vikombe vitatu vilivyoharibika rangi kwenye tanuri, vya majaribio. Alitia kimoja ndani, akafunga, akaliweka boksi sikioni, akalitikisa.

Ndani kulikuwa na mtu anabisha hodi.

Mfinyanzi akalisukuma boksi likaanguka kutoka mezani hadi sakafuni. Alipolifungua, kishikio kilikuwa kando na kikombe kando.

"Umekipa nafasi, mama," alisema kwa upole.

"Nimekipa vidole viwili kila upande. Lazima. Nguo isiyo na nafasi ya kupumua inampasukia mtu mgongoni."

Mpwa alijaribu kunyamaza, ikamshinda. "Shangazi," alisema, "kikombe hakipumui."

Mfinyanzi akaangua kicheko, mpwa akafuata, na Mama Pindo mwenyewe akacheka. Lakini chake kilikatika upesi. Alikiokota kile kishikio, akakitia mfukoni, akaaga mapema. Njiani hakuangalia upindo wa mtu yeyote.

*

Alhamisi hakwenda kazini. Alitoa sanduku chini ya kitanda, akaanza kupanga nguo. Kwa kuwa neno ni neno, alifikiri, heri binti akute mzigo tayari. Alipanga bila hasira. Ilikuwa huzuni tupu, na aliikubali kwamba ni huzuni.

Mwisho akafikia koti lake la ujana, alilojishonea mwenyewe kabla hajaolewa, la kijivu, lenye kiuno cha kujigamba. Halikumwingia tangu enzi na enzi. Akaligeuza ndani nje ili alikunje vizuri, na vidole vyake vikapita kwenye ile mikunjo miwili mirefu iliyoanzia mbavuni na kuteremka kiunoni. Vikasimama hapo.

Kitambaa huwa bapa. Mwili hauko bapa. Sasa fundi anafanyaje ili kitambaa bapa kiushike mwili? Hakati akapunguza pande zote, maana bega litabana. Anaingiza mkunjo ndani, mahali pale pale penye nafasi isiyotakiwa, na mkunjo unaila ile nafasi. Alikuwa amefanya hivyo mara elfu ngapi? Na siku tatu hizi alikuwa amelishonea lile boksi gunia.

Aliacha sanduku wazi kitandani, nusu limejaa, akatoka na koti mkononi. Mlango aliufunga au hakuufunga, hata yeye hakumbuki.

"Usinisemeshe," alimwambia mpwa wake, akaketi dirishani.

Kwenye kifuniko cha juu aliongeza ulimi mrefu wa karatasi ile ile. Ulimi ulikuwa uzame ndani ya boksi kando ya kikombe, na katikati yake akauchora mkato mwembamba wa kukimeza kishikio. Kutoka kwenye ukuta wa upande wa pili akaingiza mkunjo wa kukishika kiuno. Akakata mfano kwa karatasi ya kawaida, ukagoma. Akasogeza nukta milimita mbili. Ukagoma tena, akasogeza tena, akirudisha nyuma, akiuliza, akijijibu. Chai aliyoletewa ilipoa. Mfano wa saba ulipokishika kimoja cha vile vikombe viwili alivyoviacha mfinyanzi, aliugeuza juu chini na kikombe kikaning'inia kwenye kishikio chake bila kusogea. Mpwa aliyaacha mabango yake, akaja kuchungulia. "Hiki kitu umekitoa wapi?" aliuliza. Mama Pindo akamwonyesha koti.

Mwisho kabisa, kabla hajaita mashine iwashwe, aliongeza kitu kidogo kwenye ule ulimi, upande unaojificha boksi likifungwa. Hicho hakumwambia mtu.

*

Ijumaa saa nne binti alifika. Alipitia nyumbani kwanza, akakuta mlango haukufungwa na sanduku liko wazi, nusu limejaa, akadhani mama ameshakata shauri. Akamalizia kupanga mwenyewe, akalifunga, akapanda nalo hadi chumba cha kuchapia, akaliweka mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Macho ya Mama Pindo yalikuwa yameshashuka kwenye upindo. Lilikuwa lile gauni la samawati. Yakapanda hadi begani, kwenye ule mshono wa upogo, yakaganda hapo. Kisha yakaliona sanduku.

Mfinyanzi alikuwa ameshafika. Alikitia kikombe cha pili kwenye boksi jipya, akapenyeza kishikio kwenye mkato, akazamisha ulimi, akafunga. Akaliweka sikioni. Akalitikisa. Akalitikisa tena kwa nguvu, amefumba macho.

Kimya.

Akalisukuma kutoka mezani. Likadunda, likalala ubavu. Mama Pindo alidhani sasa atafungua, lakini mfinyanzi alilichukua hadi nje, kwenye ngazi. Zilikuwa ngazi tisa za saruji. "Walioniharibia vikombe hawaviangushi kutoka mezani," alisema, akaliachia.

Boksi lilishuka likibingirika, ngazi moja moja. Mfinyanzi akalifuata hadi chini, binti nyuma yake, mpwa nyuma ya binti. Mama Pindo alibaki juu, mkono wa kulia umeshika ukingo wa ngazi. Hakuweza kushuka. Alikuwa anaona migongo mitatu imeinama, basi.

Mfinyanzi akafungua kifuniko, akauvuta ulimi. Kikombe kikatoka nao, kinaning'inia kwa kishikio chake.

"Kizima!" alipaza sauti. "Mama, kizima! Hata mkwaruzo hakina!"

Mpwa akapiga ukelele uliowatoa wauza viatu dukani. Mama Pindo akaketi pale pale kwenye ngazi ya juu.

Mfinyanzi alikuwa tayari anajifunza boksi lake, kwa kuwa jioni angekunja mengine peke yake. Alikichomoa kikombe, akaugeuza ulimi upande wa pili, akakunja uso. "Mama, na hapa je? Kuna vistari vitatu vimekatika, karibu na ukingo. Hivi sikuvikunja. Vinakunjwa kuelekea wapi?"

Kabla Mama Pindo hajajibu, binti aliuchukua ule ulimi mkononi mwake. Akautazama. Akainama, akageuza upindo wa gauni lake la samawati, akaitazama ile mishono mitatu ya uzi mweupe iliyokuwa huko, kila mmoja umeelekea upande wake. Akarudi kwenye vile vistari vya karatasi. Vilikuwa vimenyooka.

"Hapo hapakunjwi," alimwambia mfinyanzi. "Hapo ni mama."

Kisha akapanda ngazi zote tisa, akalinyanyua sanduku lililokuwa mlangoni, akamwambia mama yake kwamba anakwenda kurudisha nguo kabatini.